Sufuria Moja Bila Chumvi

Kama daktari amekuambia mtoto wako aache chumvi, vuta kigoda ukae, nikuambie jambo ambalo yeye hatakuambia: chakula kisicho na chumvi kinanuka. Sisemi hakina ladha, hilo kila mtu analijua. Nasema kinanuka. Kabichi iliyochemshwa bila chumvi inanuka kama maji ya kufulia soksi za askari. Maharagwe yananuka udongo. Nyama, ambayo wewe na mimi tumeipenda tangu tuote meno, inanuka ng'ombe, tena si ng'ombe wa kuliwa, ni ng'ombe wa kulala naye zizini.

Nayajua haya kwa sababu tulikula hivyo nyumba nzima, mwaka na zaidi, kwa ajili ya binti yangu Jerida, aliyekuwa na miaka kumi na minne. Sasa ni mzima. Anatembea, anaimba kanisani, anajibu wakubwa vibaya kama wasichana wengine. Ndiyo maana naweza kufanya mzaha. Mke wangu anasema hata wakati ule nilifanya mzaha kupita kiasi, lakini kila mtu ana namna yake ya kutotapika.

Mimi ni karani katika shamba la kahawa karibu na Ruiru. Nilisoma sekondari miaka miwili, ikanitosha kusoma mizani, kuandikia watu barua na kujiona. Si mtu wa matembezi. Kazi ikiisha narudi nyumbani, navua viatu, nakaa mlangoni. Zakayo, karani mwenzangu, hupenda kuniambia, "Wewe ukitoka hapo mlangoni nyumba itaanguka." Kwa hiyo ugonjwa ulipokuja haukuhangaika kunitafuta. Ulinikuta nimekaa.

Ilianza wakati wa mvua ndefu. Jerida aliamka asubuhi macho yamevimba kama mtu aliyetoka matangani.

"Nani amekuliza?" nikamuuliza.

"Hakuna, Baba."

"Basi mbu amekuuma macho yote mawili, bila upendeleo."

Akacheka, na alipocheka macho yakafungika kabisa. Haikupita muda viatu vya shule vikakataa kuingia, na huko shuleni wakaanza kumwita Malenge. Mama yangu, ambaye watoto wanamwita Kukhu kama tunavyowaita nyanya wote kwetu, alikuwa amekuja kutoka Butere kukaa nasi. Alimketisha Jerida kwenye kizingiti, akabonyeza mguu wake chini ya goti kwa kidole gumba, kisha akaondoa kidole. Shimo likabaki. Tulilitazama sote. Lilikaa pale pale kama alama ya kidole kwenye ugali uliopoa, halijai.

"Mbu gani huyu," Kukhu akasema. "Mpeleke mtoto hospitali."

Tukampeleka Thika. Kama hujawahi kukaa kwenye benchi la kungojea daktari, nitakueleza kwa pua: dawa ya kuoshea sakafu, vidonda, maziwa ya watoto yaliyotapikwa, na upepo ukigeuka, maganda ya mananasi yaliyooza kutoka upande wa kiwanda, matamu juu ya uvundo wote huo. Jerida alikuwa ameshika chupa ya dawa ya kikohozi ambayo ndani yake hamkuwa na dawa ya kikohozi. Ulikuwa mkojo wake, kama tulivyoagizwa, na ulikuwa na povu. Mzee aliyekaa kando yetu aliinama akaniuliza taratibu kama ile ni pombe ya muratina, na kama tunauza.

Ndani, dresa mmoja, msaidizi wa daktari, kijana mrefu mwenye mdomo, alimimina mkojo kidogo kwenye kichupa chembamba cha kioo akakishika juu ya moto wa spiriti.

"Karani, sogea uone."

Nilisogea, na mpaka leo najuta. Mkojo ulichemka, kisha ukaganda. Uligeuka mweupe, mzito, vipande vipande, kama ute wa yai ndani ya maji ya moto.

"Hii nyeupe ndiyo nguvu ya mtoto wako," dresa akasema. "Mafigo yake yanaivujisha. Mtu mwenye afya mkojo wake haugandi. Nikichemsha wangu hapa, utabaki maji matupu."

"Nakuamini," nikamwambia. "Usijisumbue."

Daktari alikuwa Mzungu aliyesema Kiswahili kama mtu anayehesabu magogo. "Chumvi hapana. Kidogo hapana. Jikoni hapana, mezani hapana." Badala yake mtoto ale mayai kila siku, na maziwa, na nyama, ili kurudisha ile nyeupe inayovuja. Shule apumzike. Kila mwezi arudi kuchemshwa.

"Uchemshwe mkojo, si mimi," Jerida akaninong'oneza. Nikajua akili haikuvimba.

"Na chumvi ikimfikia kwa bahati mbaya?" nikauliza.

Daktari alitazama nje kupitia mlango. Kwenye benchi alikuwako msichana wa rika la Jerida, kutoka mashamba ya mkonge upande wa Makuyu, tumbo kama la mama wa kujifungua, amemlalia mama yake mapajani. Sikurudia swali.

Sasa njoo nyumbani tuone hiyo amri itaingiaje kwenye sufuria. Sisi tulikuwa watu wa posho na maharagwe, na mboga za nyuma ya nyumba, na nyama mwisho wa mwezi kama mwisho wa mwezi ulikuwa na adabu. Ghafla palitakiwa mayai kila siku, chupa ya maziwa kila siku, na nyama ya mtu mmoja. Sukari ikaondoka, chai ikawa ya rangi, mafuta ya taa tukayapima kama dawa. Nguo ya Krismasi ya mke wangu ikageuka maini. Nusu ya pesa ya chakula ikawa inaliwa na mtu mmoja, na mtu huyo hakutaka kula.

Mayai alituletea Mama Wanjiku, kutoka kijiji kilichozungushiwa handaki ng'ambo ya mto, siku hizo za Hali ya Hatari. Alikuja na kikapu wakati alipopewa ruhusa ya kutoka, akaenda mbio kabla ruhusa haijaisha. "Ngai! Baba Jerida," akaniambia wiki ya pili, "mmeficha Mzungu humo ndani? Kila siku mayai!"

"Ni binti yangu."

"Binti anakula mayai yote haya? Basi mahari yake itakuwa kubwa."

Angejua. Kwetu mayai na kuku havikuwa chakula cha mwanamke. Vilikuwa vya wanaume na wageni. Mama yangu hakuwahi kuonja yai maishani mwake. Mke wangu, pamoja na ubatizo wake wote, hakuwahi. Na Jerida tulimlea hivyo hivyo. Mimi sikuwahi kuona ubaya wa desturi hiyo. Ningeuonaje, na mimi ndiye niliyekuwa nakula mayai?

Siku ya yai la kwanza Kukhu alibeba kigoda chake akaenda kukaa nje. "Msichana akila yai," akasema kwa sauti ya makusudi ili tusikie, "atatangatanga kama kuku. Hatatulia kwa mume."

"Kukhu," Jerida akamjibu kutoka ndani, "ngoja kwanza nitembee. Kutangatanga ni baadaye."

Mke wangu alilichemsha akiwa amesimama mbali, kama mtu anayechemsha chura. Hakujua limeiva au la, na hakuwa tayari kuuliza yai. Jerida aliuma. Alitafuna mara moja, akasimamisha taya, akanitazama.

"Baba, ni ile ile. Ni ile ya dresa."

Likarudi lote kwenye sahani, pamoja na uji wa asubuhi.

Usinilaumu kwa kukuandikia haya. Kama una mgonjwa wa mafigo, utakuja kuyaona. Tulilijaribu yai kwenye maziwa, likaelea kama makohozi. Tulilijaribu kwenye uji, uji ukawa na nyuzi. Mimi nikaamua kuwa mfano mwema: nikaketi mbele ya mwanangu nikala yai bila chumvi, huku natabasamu. Jaribu siku moja kutabasamu huku kiini kikavu kimekuziba koo. Belisi, mdogo wake Jerida, wa miaka minane, alisimama karibu akimeza mate yake mwenyewe.

"Baba," akasema, "na mimi nivimbe."

Mama yake akampiga kofi. Kisha yeye mwenyewe akaingia chumbani, akajifunga leso kichwani, akalia. Belisi hakulia. Alikuwa anaangalia sahani.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Adui hakuwa ugonjwa tu. Adui alikuwa sahani ya mmoja mbele ya macho ya wengine. Na kwa kuwa makaa ya kupikia mara mbili hatukuwa nayo, mke wangu akakata shauri: sufuria itakuwa moja, na haitakuwa na chumvi, na chumvi yote itoke nyumbani. Akampa jirani. Tukaanza kula harufu. Nilikuwa narudi kutoka kiwandani, ambako maganda ya kahawa yanaozea mashimoni hadi mtu anatamani kuwa na pua moja badala ya tundu mbili, nafungua mlango wa kwangu, nakuta kabichi. Nilikuwa nasimama pale katikati nisijue nikimbilie wapi.

Siku moja niligundua kwamba Kukhu hakuwa analalamika. Nikamchunguza. Kila tonge lilipita kwanza kwenye pindo la leso yake, ambako palikuwa na fundo dogo. Mama yangu mzazi alikuwa anatembea na chumvi kiunoni kama mlevi na kichupa chake. Sikumfichua. Nilimnyooshea kiganja chini ya meza.

Lakini ni huyo huyo Kukhu aliyenishangaza. Baridi ya Julai ilipokuja, ukungu ukilala juu ya mikahawa mpaka karibu na saa sita, vidole vya Jerida vilikuwa vinene hata kumenya yai hawezi. Nilimwona Kukhu akirudisha kigoda ndani. Akalichukua lile yai. Akageuza uso ukutani kama mtu anayetoa panya aliyekufa mtegoni, akalimenya lote kwa kupapasa, akanyoosha mkono.

"Kula upesi, mjukuu wangu," akasema, "kabla macho hayajajua mikono inafanya nini."

Jerida akalila. Likabaki tumboni. Ilikuwa asubuhi njema kuliko zote za baridi ile.

Na bado alivimba. Ndilo lililokuwa linanitia wazimu. Kila mwezi Thika, kila mwezi kichupa juu ya moto, kila mwezi ule ute mweupe. Safari yetu ya pili mama wa yule msichana wa Makuyu alitugawia kipande cha muwa, tukaketi pamoja tukitafuna, wasichana wetu wakilinganisha nani ana miguu mikubwa. Jerida alishindwa, akanuna. Mwezi uliofuata mama yule alikuwa peke yake kwenye benchi, amepakata furushi la nguo. Alinisalimu. Nilimsalimu. Jerida alilitazama lile furushi, halafu akatazama miguu yake.

Mvua fupi zilipoanza, mrenda ulichipuka nyuma ya nyumba. Kukhu alikuwa amebeba mbegu kutoka Butere kwenye lile lile fundo la leso. Kama huujui mrenda, ni mboga inayoteleza, inayovutika kutoka sahani hadi mdomoni, na wageni husema inatia kinyaa. Sisi kwetu ndiyo mboga. Mke wangu aliupika, na ajabu, ulikuwa mtamu. Bila chumvi, mtamu! Jerida alikula, akaongeza, akalamba sahani. Maharagwe ya mama yake nayo akayapenda kidogo kidogo. Tulifurahi tukamsifu mpishi. Na uso wa Jerida ukazidi kufura, na tumbo likaanza kujaa.

"Wewe napa chumvi," daktari akaniambia.

"Simpi, bwana daktari."

"Napa."

Niliapa mbele ya watu. Niliona kwenye macho ya dresa kwamba hata yeye, rafiki yangu wa taa ya spiriti, haniamini. Daktari akasema mwezi ujao kukiwa hivi atamlaza. Jerida akaniminya mkono. Hata yule msichana wa Makuyu alianza kwa kulazwa.

Karibu na Krismasi mjomba wangu, kaka yake Kukhu, akafariki. Ilibidi Kukhu aende Butere, na mke wangu pia, kwa sababu mke wa kwetu asipoonekana jikoni kwenye matanga ya mjomba, ataonekana kwenye midomo. Belisi wakamchukua. Wangekaa mpaka baada ya siku ya wafiwa kunyolewa nywele. Mimi na mgonjwa tukabaki.

"Utaweza kupika?" mke wangu akauliza, mguu mmoja mlangoni.

"Mama Jerida, nina sekondari."

"Hata kwenye kabichi?"

Nilianza kwa kupanga jikoni, maana mtu aliyesoma huanza kwa kupanga. Nyuma ya unga nikakuta kopo lenye mabonge ya kijivu, machafu. Nikajua mara moja kwamba ni dawa ya panya. Nikamwonya Jerida, nikalipandisha juu kabisa chini ya bati, nikajipongeza kwa kuokoa maisha.

Halafu nikapika. Zakayo alipita akasimama dirishani. "Karani, leso yako iko wapi? Utachafua shati!" Akavuta pumzi mara moja, akaondoka bila kumaliza mzaha wake. Niliyachemsha maharagwe tangu nirudi kazini hadi kiza, yakabaki changarawe. Niliupika mrenda ukagoma kuteleza. Ukawa majani, majani hasa, kama ng'ombe anavyoyajua. Kabichi yangu siwezi kuieleza kwa mtu anayeelekea kula.

"Baba," Jerida akauliza, "hiki ni chakula au adhabu?"

"Ni elimu."

"Basi naomba yai."

Ndiyo. Aliomba yai mwenyewe. Yai ndicho kitu pekee ambacho sikuweza kukiharibu, kwa sababu lina ganda. Akawa anakula mayai na maziwa kwa woga wa kabichi yangu.

Kisha akaanza kukojoa. Nitaandika wazi, kwa kuwa hakuna wimbo mtamu zaidi kwa mzazi wa mgonjwa wa mafigo. Alikuwa anakwenda msalani, anarudi, haketi, anakwenda tena. Ndoo ilinuka na mimi nikaimwaga asubuhi nikiimba. Macho yakafunguka. Mifupa ya mashavu, ambayo nilikuwa nimeisahau, ikajitokeza, na kumbe alikuwa amefanana na mke wangu. Nikambonyeza mguu: shimo likajaa. Viatu vikaingia, vikapwaya. Thika, ute mweupe ulikuwa umepungua nusu.

"Umebadilisha nini?" dresa akauliza.

"Mpishi," nikasema, na nikavuta kola ya shati.

Walirudi Januari, vichwa vimenyolewa. Mke wangu alimwona Jerida mlangoni, akaangusha mzigo njiani. Siku hiyo aliimba tangu mchana. Alipika mrenda na maharagwe laini, tukala kama watu waliotoka kifungoni. Kabla ya Jumapili ya pili, Jerida aliamka na macho yamefungika.

Hapo ndipo nyumba ilipovunjika kweli. Siku ya pili, Kukhu alisema, huku akiangalia jiko na si mtu, "Mtoto alipona kwa mikono ya nani? Na anavimba kwa mikono ya nani?"

Mke wangu aliweka mwiko chini. "Mama, unasema namroga mwanangu?"

"Mimi nimeuliza tu. Kwetu wako watu wa kuangalia mambo haya. Nipeni mtoto niende naye."

"Baba Jerida, unamsikia mama yako?"

Nilikuwa namsikia. Nilikuwa nimekaa mlangoni, mahali pangu, na kwa mara ya kwanza sikuwa na mzaha hata mmoja, kwa sababu nilikuwa nimejiuliza swali lile lile, na mke wangu aliliona usoni mwangu. Akafungua leso ya kiunoni akanirushia. "Pika wewe, daktari." Akatoka akaketi nyuma ya nyumba kati ya mirenda yake, na siku mbili hakugusa sufuria.

Siku ya tatu ilikuwa Jumapili. Niliomba radhi, na kwa kuwa kuomba radhi ni jambo moja na kula mapishi yangu ni jingine, hata Kukhu akamwita arudi jikoni. Jerida alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya jiko, amefura kama mkate, akimtazama mama yake. Maharagwe yalichemka. Mke wangu akapapasa juu chini ya bati, alikolikuta tangu arudi, akashusha lile kopo.

"Mama, usitie!" Jerida akapiga kelele. "Dawa ya panya!"

"Dawa ya panya ya nani?"

"Baba ndiye alisema."

Wote wakanigeukia. Kukhu alikuwa wa kwanza kucheka, kisha mke wangu, kicheko ambacho sikukisikia tangu kabla ya matanga. "Mume wangu! Na sekondari yote hiyo hujui magadi? Maharagwe unayokula tangu unioe yalikuwa yanalainika kwa maombi?"

"Mwanamume atajuaje magadi," Kukhu akasema, akijifuta machozi. "Mrenda bila magadi ni majani."

Jerida hakucheka. "Baba alipopika hakutia," akasema taratibu.

Kicheko kikapungua.

"Daktari alikataza chumvi," mke wangu akasema. "Magadi si chumvi. Ni ya kulainisha."

Jerida akamega kipande, akakiweka kwenye ulimi. Uso ukamkunjamana. "Mama. Onja."

Tulionja sote, familia nzima imesimama kuzunguka kopo. Ni kitu kibaya. Kinaanza kama majivu, kinaendelea kama sabuni, unatafuta pa kutema. Lakini nyuma ya sabuni, polepole, ikaja ladha ya chumvi. Mke wangu alifunika mdomo kwa mikono yote miwili. Kukhu akaketi chini.

Jinsi tulivyokosa, mtu asiye wa jikoni zetu hawezi kuelewa. Magadi hatuyahesabu. Ukimwuliza mwanamke wa kwetu ametia nini kwenye mrenda, hatataja magadi, kama asivyotaja moto. Kwa hiyo tulifukuza chumvi nyumbani kwa heshima zote, na kila siku tukambebea mtoto ndugu yake chumvi kwa kijiko.

Safari hii mke wangu alikuja Thika mwenyewe, bonge limefungwa kwenye karatasi ya unga. Dresa alilinusa akamwita daktari. Daktari alilivunja kwa ukucha.

"Hii? Kila siku?"

"Kila siku."

"Hii na chumvi, nyumba moja." Akavua miwani. "Napika nani?"

Mke wangu alisimama wima. "Ni mimi."

"Mama, kosa hapana yako. Mimi hapana uliza." Akamsukumia kiti. Sijui kama alijua alichokifanya kwa ile sentensi yake yenye magogo, lakini mke wangu aliketi, na tangu siku hiyo akapata usingizi usiku.

Kukhu hakuomba radhi kwa maneno. Tulipofika nyumbani tulimkuta amefungua fundo la leso na kukung'utia chumvi yake kwenye nyasi.

Baada ya hapo nilipewa cheo ambacho sikuwahi kukiota: nikamfundisha mke wangu kupika vibaya. Maharagwe tuliyaloweka tangu jana yake, tukayamwaga maji, tukayapika mpaka yasalimu amri. Limau tulikamulia kila kitu, na kitunguu, na dania. Haikuondoa harufu. Iliivisha harufu nguo. Mvua ndefu zikaja na kupita, ukungu wa Julai ukarudi, nasi bado tunakula tukiwa tumekunja pua. Kama uko humo sasa, sikudanganyi kwamba utazoea, mimi sikuzoea. Lakini peleka makopo yote ya jikoni kwa daktari, hata usiyoyahesabu, hata lile la dawa ya panya. Na yule mdogo wake mpe ute wa yai siku moja moja, macho ya mtoto mwenye njaa ni mazito kuyavumilia.

Asubuhi moja ya baridi hiyo dresa alimimina mkojo kwenye kichupa, akakishika juu ya moto. Mimi nikatazama ukuta, kama kawaida yangu.

"Karani, geuka."

Nikageuka. Ulikuwa unachemka. Tulingoja. Ukachemka zaidi, viputo vikapanda na kushuka, na ukabaki maji. Maji ya manjano, maangavu, unaweza kuona kidole cha dresa upande wa pili. Jerida alisogeza uso karibu hata nikaogopa ataungua nyusi.

"Hakuna yai," akasema.

"Hakuna yai," dresa akamjibu. "Mpeni chumvi kidogo. Kidogo!"

Jioni hiyo mke wangu alipika nyama. Alichukua chumvi kwa ncha za vidole viwili, akaishika juu ya sufuria muda mrefu, akainyunyiza. Harufu ile, sitaisahau. Ilikuwa harufu ya nyama tu. Kukhu aliketi mbele, Belisi alikuwa tayari na mikono iliyonawa. Tukamwachia Jerida tonge la kwanza. Alitia mdomoni, akatafuna, akasimamisha taya kama siku ile ya yai. Kisha akakimbia mlangoni akatema nje.

"Mnakula hii?" akasema, akipangusa ulimi kwa mkono. "Inauma! Ni kama kulamba kopo!"

Mama yake alimtazama, akatazama sufuria. "Sasa wewe utakula nini?"

Jerida alifikiri. Halafu akanigeukia mimi.

"Baba, nipikie ile kabichi yako. Ile inayonuka."

Maishani mwangu nimesifiwa mara chache. Niliinuka mlangoni, nikaomba leso ya mke wangu, nikajifunga kiunoni.